Naomba ushauri: nibaki na kocha au nifuate akili mnemba?

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu hapa Arusha, najiandaa na nusu marathoni, zile kilomita 21. Miaka miwili nafundishwa na mzee mmoja mstaafu, saa yake ya kubonyeza kaifunga kwa kamba ya kiatu. Mwezi jana mdogo wangu akaniwekea programu ya akili mnemba kwenye simu. Inasoma mapigo ya moyo, inanipangia mazoezi ya wiki nzima, tena bure.

Kilichonichanganya ni Jumanne iliyopita. Programu ilitaka mita 400 mara kumi, mapigo yako sawa. Mzee akanitazama napasha misuli, saa hata hakuishika, akauliza: "Mguu wa kushoto una nini? Na nyumbani kuna nini?" Kweli kifundo kilikuwa kinauma, na mtoto ana homa, sijalala siku mbili. Akanirudisha nyumbani. Simu ikaniandikia nimekosa zoezi!

Hata Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya, na vipimo vyote vile amekulia mikononi mwa kocha wake Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha Olimpiki ya 1992.

Ila mzee naye anakadiria mno, habari za mapigo hataki kuzisikia, na nauli ya uwanjani inaniuma. Mliowahi kuchanganya vyote viwili, mlifanyaje? Nikimwonesha takwimu za kwenye simu hataona namdharau? Namwanzaje?