Naomba ushauri: Everest Base Camp kwa siku 10, ratiba hii imekaa sawa?

Ndala za Marangu
Wakuu, habari za humu. Tuko watatu, wakazi wa Moshi, tunataka kwenda Everest Base Camp (kambi iliyo chini ya mlima Everest) upande wa Nepal mwishoni mwa Oktoba. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, tumeshafika, njia ya Marangu, siku sita. Kampuni moja ya Kathmandu imetupa bei ya dola 1,150 kwa kichwa, kiongozi mmoja, na ratiba yenyewe ni hii:

Siku ya 1 ndege hadi Lukla, kulala Phakding. 2 Namche. 3 Tengboche. 4 Dingboche. 5 Lobuche. 6 Gorak Shep na kambi yenyewe. 7 kilima cha Kala Patthar alfajiri, kushuka Pheriche. 8 Namche. 9 Lukla. 10 ndege kurudi Kathmandu.

Tiketi ya kurudi nyumbani tunafikiria kukata ya siku ya 11. Wanataka kianzio wiki hii. Tulipe? Natanguliza shukrani.

Kamba Mbili
Mkuu, usilipe kwanza. Chukua kalamu uandike mita za mahali mnapolala, achana na mahali mnapopita: Phakding 2,610, Namche 3,440, Tengboche 3,860, Dingboche 4,410, Lobuche 4,940, Gorak Shep 5,164. Usiku sita mfululizo, kila usiku juu kuliko wa jana, hakuna hata siku moja ya kutulia. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukishapita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne ulale mara mbili mahali pamoja. Hapo wamevunja yote mawili.

Ratiba ya kawaida ina usiku wa pili Namche na usiku wa pili Dingboche. Siku hizo si za kukaa kitandani. Namche mnapanda hadi karibu mita 3,900, kule kwenye Hotel Everest View, mnakunywa chai na kurudi kulala chini. Dingboche mnapanda kilima cha Nangkartshang, kisha mnashuka. Panda juu, lala chini, kama ilivyo kwetu. Ukiongeza siku hizo mbili unapata 12, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yaanzie.

Ndala za Marangu
Lakini Kili tulifika 5,895 bila hata kichwa kuuma, na Base Camp ni 5,364 tu. Hilo halisaidii?

Theluji ya Kibo
Linasaidia miguu na kujua kuvaa. Kwenye hewa halisaidii kama unavyodhani. Marangu unalala kambi ya Horombo 3,720, unafika kambi ya Kibo 4,720, unapumzika saa chache, usiku wa manane unaondoka, na jioni ile ile umeshalala tena Horombo. Mwili unaibiwa hewa na kurudishiwa kabla haujastuka. Khumbu, huko kwenye bonde la Everest, mtalala Lobuche na Gorak Shep, usiku mbili mfululizo juu ya mita 4,900, na oksijeni ni karibu nusu ya ile ya Dar. Maumivu ya kichwa ya saa 2 usiku pale Gorak Shep hayana Horombo ya kukimbilia. Kushuka ni gizani, juu ya mawe ya barafu.

Tena kuvumilia mwinuko safari moja si hati ya kuvumilia safari nyingine.

Kidonge Nusu
Niongezee kuhusu dawa, maana najua swali linakuja. Diamox (asetazolamaidi) ya kujikinga na ugonjwa wa mwinuko ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidonge vingi ni vya 250, kwa hiyo unakata nusu. Muoneni daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa, na mjaribu nyumbani siku mbili kabla ya safari. Vidole kuwasha kama vimekaliwa na sisimizi na kukojoa mara kwa mara ni kawaida yake. Soda itakuwa na ladha ya bati.

Dawa haifuti siku za mapumziko. Na mtu akianza kuyumba, mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, au akihema akiwa amekaa tu, hakuna kusubiri asubuhi: ashushwe saa ile ile.

Hapo ndipo muiulize kampuni: nyie watatu mna kiongozi mmoja. Mmoja wenu akishushwa naye, wawili wanaobaki wako na nani? Dai msaidizi wa kiongozi. Pheriche kuna kliniki ya Himalayan Rescue Association, na msimu wa watalii hutoa somo la ugonjwa wa mwinuko mchana. Mkipita, kaeni msikilize.

Saa Nane Usiku
Mimi naogopa tiketi ya siku ya 11 kuliko mlima. Uwanja wa Lukla una njia ya mita 527, imeinama, mwisho wake ukuta wa mlima. Rubani asipouona hatui, na wingu likishuka ndege zinasimama siku nzima, wakati mwingine siku mbili au tatu. Wekeni siku 3 za akiba, zote mwishoni.

Jingine: Oktoba ndege nyingi za Lukla haziondokei Kathmandu, zinaondokea Manthali, wilaya ya Ramechhap. Ni saa nne hadi tano kwa gari, kwa hiyo mnatolewa hotelini kama saa 8 usiku. Uliza kama usafiri huo uko ndani ya bei. Mzigo kwenye ndege ni kilo 15 kwa mtu, pamoja na begi la mgongoni. Wanapima kweli.

Ndala za Marangu
Aisee. Nimewaandikia, wamekubali siku 12, msaidizi na wapagazi wawili, dola 1,420. Vifaa na hela ya mfukoni je?

Mzigo Mwepesi
Slipingi begi ya nyuzi 15 chini ya sifuri na koti la manyoya kodini Thamel, mtaa wa watalii Kathmandu, msinunue. Fungua zipu yote dukani, inusie ndani, ilale sakafuni dakika tano: isipovimba, manyoya yamekufa, rudisha. Viatu vitoke nyumbani, vikiwa vimeshavaliwa.

Vyumba havina moto. Jiko liko ukumbini tu, linachoma mavi makavu ya yak (ng'ombe wa manyoya wa kule milimani), na huwashwa jioni. Pawabenki na simu lala navyo ndani ya begi, baridi inanyonya chaji. Maji lita 3 hadi 4 kwa siku. Vidonge vya kusafishia subirini nusu saa, na maji yakiwa ya baridi sana zidisheni muda. Kitambaa cha kufunika mdomo na pua ni lazima, la sivyo kile kikohozi kikavu cha Khumbu kitawafuata hadi Moshi.

Nyama acheni mkishapita Namche. Kule juu hakuchinjwi, inabebwa mgongoni kutoka chini kwa siku kadhaa. Kuleni dal bhat: wali, dengu, mboga, na mnaongezewa bure.

Hela: chenjini rupia Kathmandu. ATM ya Namche ipo, lakini msiitegemee. Kuchaji simu, intaneti, kuoga maji ya moto, kila kimoja kinalipiwa, na bei inapanda pamoja na njia.

Kamba Mbili
Kabla ya kianzio, kwenye maandishi waoneshe: ndege ya Lukla kwenda na kurudi, kibali cha mbuga ya Sagarmatha (rupia 3,000, VAT juu yake), kibali cha halmashauri ya Khumbu Pasang Lhamu, milo mitatu, na bima ya wapagazi wao. Bima yenu iandikwe hadi mita 6,000 na itaje helikopta. Namba ya dharura ya bima mkae nayo wenyewe: helikopta ikiruka kabla bima haijakubali, bili inaweza kubaki kwenu. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza uokoaji wa uongo wa helikopta, kwa hiyo kiongozi anayekimbilia kuiita kwa kichwa kinachouma kidogo, mwulizeni kwa nini msishuke kwa miguu.

Viza mnapata uwanja wa Kathmandu. Chukueni ya siku 30, dola 50. Ya 15 haiachi nafasi ya siku za akiba. Kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) msiisahau.

Ndala za Marangu
Asanteni sana. La mwisho: eti ukifika kambini Everest yenyewe huioni?

Theluji ya Kibo
Kilele hukioni, mlima wa jirani, Nuptse, umekiziba. Na Oktoba hakuna mahema mengi, wapandaji wenyewe wanajazana Aprili na Mei. Mtakuta mawe, bendera za maombi na barafu ya Khumbu ikilia chini. Kilele mtakiona Kala Patthar, kwa hiyo mwenye nguvu za asubuhi moja tu azitunze za huko.