Pasi ya kulehemu kwa ajili ya gitaa, wati ngapi zinatosha?

solo_la_moro:
Wakuu habari za jumapili. Naombeni msaada kwa wanaojua. Mi napiga solo kanisani huku Morogoro, gitaa langu ni kopi ya Stratocaster ya Kichina, pikapu 3 (sio za kubebea mkaa jamani, hizi za chini ya nyuzi zinazonasa sauti). Tangu mwezi uliopita jeki (pale unapochomeka waya) inakata, ukitikisa waya sauti inarudi, ukisogea hatua mbili imepotea, mwalimu wa kwaya ananiangalia kama nafanya makusudi. Nikampelekea fundi redio wa mtaani akaunga, ikakaa wiki mbili ikakata tena, na safari hii hata ule waya mweusi ulioshikiliwa mgongoni kwa voliumu (kile kifaa cha ndani cha kupandisha na kushusha sauti) umeachia. Nikasema bora nijifunze mwenyewe. Nimenunua pasi ya elfu kumi na mbili imeandikwa 60W, jeki nimeiunga poa tu, ila mgongo wa voliumu lehemu inagoma kabisa, inakuwa kidonge kinaviringika kama zebaki alafu kinadondoka. Nimeshikilia pale karibia dakika nzima mpaka plastiki ya waya ikayeyuka. Sasa ninunue ya wati ngapi? Kuna jamaa kasema 100, ile ya mfano wa bastola. Bajeti yangu haivuki elfu 80. Alafu nina mjomba yuko Marekani anataka kunitumia yake ya zamani bure, niipokee?

mzee_wa_risasi:
Mkuu kwanza acha kushikilia dakika nzima, utaiua hiyo voliumu, ndani kuna kipande chenye kaboni na hakipendi kuokwa.

Tatizo lako mi naona sio wati peke yake. Mguu wa jeki ni kitu kidogo unapata moto mara moja, ila mgongo wa voliumu ni bati zima, ukiligusa na ncha iliyochongoka kama sindano (na hizi pasi za bei rahisi ndo zinakuja nayo) joto lote linanyonywa na bati linasambaa. Ni kama kupika ubwabwa wa shughuli kwa mshumaa. Tafuta ncha bapa, ya mfano wa patasi, upana wa mm 2.4 au 3, ilale pale kwa ubapa wake. Na kabla hujaweka moto piga msasa ule mgongo mpaka uone mikwaruzo, maana ukiwa unang'aa vile una utando juu na lehemu haiwezi kushika, ndo hicho kidonge chako. Mi nalehemu mgongo peke yake kwanza kidoa kidogo, alafu ncha ya waya peke yake, alafu ndo navikutanisha, sekunde tatu nne nimemaliza. Unapasha bati sio lehemu, lehemu iyeyukie kwenye bati.

Bastola achana nayo. Ile inapitisha mkondo mkubwa kwenye kitanzi cha shaba, ni nzito mkononi, ndani ya kale katundu huoni unachogusa, na pembeni hapo kuna sumaku za pikapu, mi binafsi sipeleki kitu kama kile karibu nazo.

besi_mtu_mpole:
uza gitaa nunua kayamba, haina jeki

mzee_wa_risasi:
@besi_mtu_mpole 😂😂 nyie wapiga besi ndo mnaharibu jeki za watu kwa kukanyaga waya. Alafu mtoa mada nilisahau, kaza nati ya jeki. Ikilegea jeki inazunguka kila unapochomeka na ule waya wa ndani unajinyonga taratibu mpaka unakatika, fundi hata angeunga vipi ingekatika tu.

nyali_tone:
Salaam kutoka Mombasa. Ndugu yangu hiyo 60W ya kwenye karatasi usiiamini kabla hujaipima. Chomoa pasi kwenye umeme, iache ipoe, weka multimita (kipima umeme) kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, upime baina ya zile pini mbili za plagi. Kisha chukua 230 mara 230 ugawe kwa hiyo namba uliyopata. Pasi ya kweli ya wati 60 itasoma kama 880 hivi, ya 40 itasoma 1,320, ya 30 inakaribia 1,760. Mimi nshawahi kununua "60W" ikasoma karibu elfu mbili, yaani wati 26, nikacheka peke yangu dukani. Lakini hesabu hii ni ya zile pasi za kawaida zenye waya wa kupasha ndani, za kauri usizipime hivyo zitakudanganya kwa sababu zikiwa baridi zinasoma tofauti.

Na hiyo ya mjomba muulize kwanza imeandikwa volti ngapi. Kama ni 120 tupu, ukiichomeka huku kwetu volti ni karibu mara mbili na nguvu inakuwa karibu mara nne, yaani ya wati 40 inajaribu kuwa ya karibu 150, utaona moshi kabla hujaona lehemu. Labda kama una transfoma ya kushusha. Ila kama ni zile ndogo za USB-C kama Pinecil mwambie ailete jana! Ile haijali umeme wa nchi gani, inakula adapta ya laptop ya USB-C ya wati 65 na inafanya kazi vizuri sana. Umeme ukikatika inakubali hata betri ya gari, lakini kwa volti 12 inakuwa dhaifu, jeki utaweza, mgongo wa voliumu utaanza kulia tena.

dada_fenda:
Mnaongea pasi tu hamuulizi anatumia lehemu gani. Kaka angalia roli lako limeandikwaje. Tafuta 60/40 au 63/37 (ndo mchanganyiko wa stani na risasi) yenye flaksi ndani, ile dawa ya kusaidia lehemu ishike, unene wa mm 0.8 au 1. Hiyo 63/37 inayeyuka kwenye nyuzi joto 183, zile zisizo na risasi zinataka kama 217 na kuendelea, kwa anayejifunza ni mateso. Na kama fundi wako alichovya waya kwenye kale kachupa ka asidi wanakotumia kuunga mabati basi futa yote uanze upya, asidi inabaki inakula shaba kimyakimya, mi gitaa langu lilioza jeki hivyo nikawa namlaumu muuza waya mwaka mzima. Kwa bajeti yako chukua ile ya kauri yenye kirungu cha kurekebisha joto kwenye mpini, 200 mpaka 450, zipo kibao Kariakoo na ncha zake za aina ya 900M unazipata kwa urahisi. Jeki na swichi weka 350, mgongo wa voliumu 380 hadi 400, ukimaliza paka lehemu kwenye ncha ndo uzime. USIPIGE TUPA ile ncha. Zile za shaba tupu unaweza kuchonga, hizi zimepakwa chuma juu, ukilikwangua hilo ganda ncha imekufa.

Na funika mwili wa gitaa na boksi, tone moja tu likidondoka kwenye rangi utaliona mpaka unazeeka. Nawa mikono kabla ya chapati.

solo_la_moro:
Wakuu nimerudi. Kwanza nimepima ile pasi yangu, imesoma 1,950. Nyali nimepiga hesabu nimepata wati 27 😭 nimeirudisha dukani muuzaji ananiambia hizo ni wati za China.

Jana kuna jamaa alikuwa anatoka Dar kaniletea ya kirungu na ncha bapa. Nikapiga msasa, nikaweka 390, nikahesabu moja mbili tatu, lehemu ikatandazika kama samli. Nikarudia tena kwa raha tu. Multimita kwenye jeki nimefungua voliumu yote inasoma kama 5.8k (omu 5,800) kwa pikapu ya katikati kwahiyo naona iko hai. Shida imebaki moja, nikiwasha ampu kuna mngurumo mmm chini kwa chini. Nimeharibu wapi?

dada_fenda:
Ukigusa nyuzi kwa mkono unapungua, unaongezeka au hausikii?

mzee_wa_risasi:
Swali zuri hilo. Ukiongezeka umegeuza nyaya za jeki, usipobadilika kabisa ule waya wa arthi unaoenda kwenye springi huko nyuma umeachia.

solo_la_moro:
Nikigusa unapungua karibu wote.

dada_fenda:
Basi ndo pikapu za koili moja zilivyo kaka, hata za bei mbaya zinanguruma hivyo. Funga skrubu.