Mrejesho: mawasiliano yamerudi, chanzo ni mkongo kukatwa

Wakuu, niliuliza kwa nini simu na intaneti vilikufa kwa mpigo eneo zima, hata kwa wenye laini za mitandao tofauti. Katapila lililokuwa likichimba mtaro lilikata mkongo, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayobeba mawasiliano. Mliosema kubadili laini hakutasaidia mlikuwa sahihi: minara ilikuwa na umeme na simu zilionyesha alama zote za mtandao, ila minara ya kampuni zote ilitegemea mkongo huohuo wa ardhini.

Nilipita mafundi wakiunga. Kila uzi ni wa kioo, mwembamba kama unywele. Wanaumenya, wanaufuta, wanakata ncha iwe sawa kabisa, kisha kimashine kinayeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme hadi zishikane. Uzi mmoja mmoja, kwa kufuata rangi. Kazi hiyo haina haraka, na nawashukuru sana.

Kinachoniuma ni kukosekana kwa njia ya pili. Wenye wagonjwa walishindwa hata kupiga simu ya dharura! Mkongo ukijengwa kwa mzunguko, ukikatika upande mmoja mawasiliano hupitia upande mwingine. Nimeiandikia kampuni yangu ya simu kuuliza lini watafanya hivyo. Wakijibu nitawaambia.