Likizo ya Agosti Malindi: kambi ya kulipia, vipepeo wa Gede au sayansi ya jikoni?

MamaYusra
Asalaam aleikum wanajukwaa. Binti yangu yuko Gredi ya 2 hapa Malindi na likizo ya Agosti inabisha hodi. Kitabu hatulii nacho, lakini mpe udongo, rangi au kifuu, humsikii mpaka magharibi. Nataka ajifunze sayansi na sanaa kwa mikono yake. Niko njia panda: kambi ya likizo ya kulipia, vipepeo wa Gede, au tufanye nyumbani kwa vitu vya jikoni? Mliopitia haya, nishaurini.

BabaSalim
Mwanangu alikwenda kambi moja. Walitengeneza volkeno ya siki na magadi; mwalimu akamimina, watoto wakakaa mistari wakitazama. Picha zilizokuja WhatsApp nzuri sana, lakini kumuuliza povu limetoka wapi, hana jibu. Iliniuma, maana pesa ile si haba. Si kambi zote ziko hivyo. Kabla hujalipa uliza jambo moja: vifaa anashika nani?

Mwalimu wa Gredi
Mama Yusra, nafundisha watoto wa umri huo, na ningeanza jikoni. Koroga manjano ya kupikia na maji moto, tumbukiza kitambaa cheupe cha pamba, kianike kivulini. Kikikauka, mpe binti kijiti chenye pamba na maji ya sabuni ya kufulia, achore. Kila anapopita, njano inageuka rangi ya damu ya mzee papo hapo. Kisha apakae ndimu: njano inarudi. Ndani ya manjano mna kurkumini, inayobadilika rangi ikikutana na alkali kama sabuni. Asidi ya ndimu huirudisha.

Kazi yako ni kumfanya abashiri kabla hajagusa. Chumvi je? Siki? Maji ya jivu la kuni? Jivu litageuza, chumvi haitageuza, na hapo ataanza kuuliza maswali yake mwenyewe. Sabuni isifike machoni, na avae nguo za kuchezea, manjano hayatoki upesi.

BintiGede
Mimi nawatetea vipepeo. Mradi wa Kipepeo, pale kwenye magofu ya Gede, ulianza 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na mabundo (kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo) huuzwa ng'ambo, kwa hiyo msitu unawaletea riziki ukiwa umesimama. Mpe karatasi na kalamu za rangi, achore bundo moja tu kwa utulivu. Mengine utadhani jani kavu.

Lakini ziara ni ya siku moja, na kiwavi hakui kwa siku moja. Mkirudi, kagueni majani ya mndimu wowote ulio karibu. Kiwavi mdogo wa pale anafanana na kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mweke kwenye chupa pana yenye chandarua juu, majani mabichi ya mndimu kila siku, na mtoto amchore kila siku mpaka atoke na mbawa. Kisha mwachieni.

Nahodha_Ngomeni
Na bahari mmeisahau? Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali na vidimbwi vya miambani hujaa kaa na konokono. Achomeke kijiti mchangani aone maji yanavyopanda. Kesho yake kupwa kutachelewa kama dakika 50, acha agundue mwenyewe. Viatu lazima. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyopo tangu 1968, kombe haziokotwi, achore tu.

BabaSalim
Haya yote mazuri, ila yanataka mzazi aliyepo. Mimi nafunga duka saa mbili usiku. Kambi yenye watoto wachache na mwalimu anayewaachia vifaa bado ina nafasi yake.

MamaYusra
Shukrani jamani. Kambi naiweka kando mwaka huu, maana mchana niko nyumbani. Tunaanza na manjano Jumamosi. Gede tutakwenda baadaye. Mwalimu, mdogo wake wa PP2 (chekechea) naye anataka kushika kijiti. Nifanyeje?

Mwalimu wa Gredi
Mkatie kitambaa chake. Wakichangia kimoja, mkubwa atachora na mdogo atatazama.