Ile sanamu kubwa ya Shivaji baharini Mumbai ishajengwa? Na karibu na pale kuna nini cha kuona?

Kijana wa Mbagala
Habari za saa hizi wakuu. Mwezi ujao nampeleka bi mkubwa Mumbai kwa matibabu, tutakaa kama wiki tatu na tumeshaambiwa kuna siku za kusubiri majibu tu, hamna cha kufanya. Sasa kuna jamaa kaniambia huko kuna sanamu ya mfalme wao anaitwa Shivaji ipo katikati ya bahari, ndefu kuliko zote duniani, unaenda na boti. Nimetafuta picha naona zote ni za kuchora kwenye kompyuta. Ipo au haipo? Na kama haipo maeneo yale kuna nini mama wa miaka 60 na kitu anaweza kutembelea, magoti yanamsumbua, na hela kwa kweli hatuna, yote imeenda kwenye matibabu. Ni mtu wa swala tano, kukiwa na sehemu ya ibada atafurahi sana.

Nilisoma Pune
Pole na mgonjwa kaka, Mungu amponye. Sanamu haipo. Waziri Mkuu wa India, Modi, aliweka jiwe la msingi tarehe 24 Desemba 2016 huko huko baharini, mkabala na Marine Drive, ile barabara ya ufukweni, mpango ulikuwa ifike mita 210 hivi, yaani iipite hata sanamu ya mwanasiasa wao Sardar Patel kule jimbo la Gujarat yenye mita 182. Halafu kesi za mazingira zikafika Mahakama ya Juu, Januari 2019 kazi ikasimama. Mimi nimekaa sana kwenye ule ukuta wa Marine Drive jioni, nilichoona ni maji tu.

Ila ukitaka kumuona Shivaji nenda Gateway of India, lile lango kubwa la mawe kando ya bahari, pembeni yake kuna sanamu yake amepanda farasi, ipo tangu 1961, unaiona bure. Na ujue huyu mtu kwa watu wa Maharashtra, jimbo lenye Mumbai, si mfalme wa kwenye vitabu tu, alitawazwa 1674 na mpaka leo uwanja wa ndege mtakaoshukia una jina lake, stesheni kuu ya treni jina lake, makumbusho kubwa jina lake. Ile stesheni mpitishe mama hata kwa nje tu, Waingereza waliijenga miaka ya 1880 na UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia, mimi siku ya kwanza nilidhani ni ikulu.

Mama Salma
Mwanangu mpeleke mama Haji Ali. Ni kaburi la walii pamoja na msikiti, vyote vipo ndani ya bahari, unaenda kwa njia ya miguu imelala sawa haina kupanda, lakini uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi maana yakijaa njia inafunikwa kabisa. Zamani wanawake walikuwa wamezuiwa kufika kaburini ndani, mahakama ikaruhusu 2016, mimi niliingia nikamuombea dua mume wangu aliyekuwa kitandani na nililia sana pale. Kuingia ni bure.
Mapango ya Elephanta, yale mahekalu ya kale yaliyochongwa kwenye mwamba kisiwani, ni mazuri, boti ya kama saa moja kutoka Gateway, ila kuna ngazi zaidi ya 100 kwa hiyo kwa magoti hapana, labda uende mwenyewe. Jumatatu wanafunga na wageni tunalipa zaidi ya wenyeji. Na kama ni kati ya Juni na Septemba usiwazie boti kabisa, kusi likishika bahari ile inachafuka vibaya.

Mvuvi wa Kunduchi
Mimi niseme ukweli, bora imesimama. Makadirio yalikuwa zaidi ya rupia bilioni 36, na pale walipopachagua ndipo wavuvi wa Kikoli wanapovulia, watu waliokuwepo kabla hata Mumbai haijawa mji. Ukimwagia mtu mawe kwenye mwamba wa samaki umemuua njaa, hili mimi nalijua kwa mikono yangu. Halafu ile nyingine ya Shivaji kule mji wa pwani wa Malvan ilizinduliwa Desemba 2023, Agosti 2024 ikaanguka chini, na ile ilikuwa nchi kavu. Sasa mita 210 ndani ya bahari!

Mtu wa Kibokoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Mbona hamsemi habari ya Janjira? Shivaji aliteka ngome nyingi sana lakini ile ya Janjira ilimshinda, na waliokuwa ndani ni Masidi, watu wenye asili ya Afrika, wengi wao Uhabeshi. Mpaka akajenga ngome yake nyingine baharini karibu ili awabane na bado hakuweza. Walitawala pale hadi 1948. Ngome ipo mpaka leo, mizinga bado iko juu, unavushwa na jahazi la tanga. Na kule Gujarat Masidi wana ngoma yao wanaiita goma. Mimi niliposikia nywele zilinisimama.
Ila ni mbali, ni kilomita 150 na ushee kutoka Mumbai, mamako mgonjwa usimpeleke. Nenda wewe siku akipata wa kukaa naye.

Kijana wa Mbagala
Nashukuru sana wote, mama Salma nimemsomea bi mkubwa ujumbe wako anasema Haji Ali ndiyo ya kwanza. Janjira sikuwahi kuisikia maishani, nikirudi salama nitawaletea picha. La mwisho, huko mjini tunazunguka na bajaji au?

Nilisoma Pune
Bajaji haziruhusiwi Mumbai ya kusini, zinaishia Bandra. Chukueni zile teksi nyeusi na njano na hakikisha kawasha mita kabla hamjaondoka. Treni ni rahisi sana ila asubuhi na jioni watu wananing'inia mlangoni, na mama usimuingize muda huo. Saa tano asubuhi hivi mtakaa vizuri, na kuna mabehewa ya wanawake peke yao.