MREJESHO: Waridi la jangwani limechanua Nzuguni

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama waridi la jangwani, Adenium obesum, litakubali kwangu Nzuguni, Dodoma, penye kichanga kitupu na jua la kutwa. Limekubali, na limechanua!

Ushauri wa kuotesha mbegu badala ya kung'oa mmea porini ndio ulionifaa zaidi. Mbegu mpya huota upesi udongo ukiwa na joto, na mche wake hunenepa shina kuliko tawi lililochomekwa. Shina hilo ndilo ghala la maji. Samadi sikuweka. Niliinua tuta tu ili mvua za Desemba hadi Aprili zisituame, maana kinachoua mmea huu ni kuoza mizizi, si ukame.

Kiangazi ulipukutisha majani yote, jirani akasema umekufa. Nilibonyeza shina, gumu, nikauacha bila maji. Maua yakatangulia majani. Mazuri mno, jamani!

Kwa aliyeuliza habari za watoto na mbuzi: utomvu wake ni sumu kali, wawindaji waliupaka kwenye mishale. Wangu nimeuzungushia miiba, na nikipogoa navaa glavu.

Mbegu zikikomaa nitawagawia mlio Dodoma.