Mwanangu ameikataa shule lakini shambani ametulia: naombeni ushauri

Mama_Ngamiani: Ndugu wanajukwaa, assalaam alaykum. Mwanangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu mwaka jana, kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, na siku nyingine sare hufichwa darini. Kaka yangu ana shamba huku Pongwe, Tanga, lenye michungwa, mbuzi na ng'ombe watatu wa maziwa, na yuko radhi kumpokea. Je, kijana aliyeshindwa darasani anaweza kujifunza shambani, au nitamharibia maisha?

Mwalimu_Mstaafu: Dada, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi wajifunze kwa kuyaendesha. Mimi nilijua kupima eneo kwa kamba ya katani, katika shamba la mahindi, kabla sijaielewa kanuni yake ubaoni. Lakini nakumbuka pia shule ambazo jembe lilikuwa adhabu ya wachelewaji, na waliolishika hivyo hawakujifunza lolote.

Binti_Pangani: Watoto wa sasa wanadekezwa. Sisi tulitembea saa nzima kwenda shule na hatukuwahi kuficha sare.

Msomaji_Chumbageni: Mama, hujatuambia anakimbia nini. Na kwa sasa yuko wapi?

Mama_Ngamiani: Hasomi vizuri. Anachanganya b na d, na mstari mmoja humchukua muda mrefu. Alisimamishwa asome kwa sauti, darasa zima likacheka. Nakiri kwamba yuko Pongwe wiki ya tatu sasa, na shuleni nilisema anaumwa. Msinihukumu. Tangu aende huko analala usingizi, anakula, na tumbo halijamuuma hata siku moja.

Mkweli_Daima: Samahani, nina shaka. Asiyejua kusoma amevukaje mtihani wa darasa la nne na wa la saba? Nahisi hili ni tangazo la shamba linalotafuta vibarua wa bure.

Mama_Ngamiani: Sikutaja jina la shamba wala namba ya simu. Mwanangu anasoma, ila kwa taabu. Anachokisikia hakisahau, na maswali mengi ya darasa la saba yalikuwa ya kuchagua herufi. Kaka amempa daftari la maziwa. Ameandika lita za kila ng'ombe, asubuhi na jioni, na kujumlisha wiki mbili bila kosa, ingawa neno "jioni" ameliandika kwa namna tatu.

Msomaji_Chumbageni: Mimi namwamini. Dalili hizo zinafanana na disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, ambayo si uvivu wala upungufu wa akili. Hata hivyo, swali la vibarua lina uzito: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru na isiyomzuia kuhudhuria shule. Kule Uingereza, shirika la Farms for City Children lilianza mwaka 1976 katika shamba moja la Devon, na watoto wa mijini hukaa huko wiki moja, wakilisha mifugo na kulima pamoja na walimu wao, kisha hurudi darasani. Shule inajua walipo. Yako haijui, mama, na hapo ndipo ninapokuhofia.

Mama_Ngamiani: Nilidhani nikiwaambia watamfuta. Bado sitamtoa Pongwe kwa nguvu. Jumatatu mimi na kaka tutakwenda kwa mkuu wa shule na daftari lile, nieleze ukweli wa wiki tatu, na niombe Jumamosi zibaki za shamba. Kijana amesema atarudi iwapo hatasimamishwa tena kusoma kwa sauti. Nani atakayempima uwezo wake wa kusoma?

Mwalimu_Mstaafu: Kabla ya shule, pitia ofisi ya elimu ya jiji, uulizie afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Daftari usilisahau, na usiyasahihishe makosa yake.